Mwamuzi wa Meza za Sherehe

Kinyozi alikuwa ameshampaka Hariri povu la sabuni mpaka chini ya macho, wembe uko hewani, pale mlango uliposukumwa kwa pupa na mtu mnene mwenye tai ya kipepeo akaingia akihema na kujibwaga kwenye kiti cha pili.

"Ninyoe haraka, ndugu yangu," alisema. "Na uninyoe vizuri, maana sijui ataingia leo au kesho."

"Nani huyo? Mkwe?"

"Mkwe ningemwogopea nini? Mwamuzi!" Yule bwana alishusha sauti, ila kwa kuwa alizaliwa na kelele zake, sauti ilishuka hadi ile ambayo watu wengine huitumia kuita teksi. "Lile jarida la matembezi linaandika orodha ya migahawa bora ya siku maalumu hapa mjini. Ukitaka kumchumbia mtu uende wapi, ndoa ikitimiza miaka ishirini mkale wapi, mtoto akifaulu umpeleke wapi. Wamemtuma mtu, anazunguka kimyakimya. Anakula, anaandika, anaondoka. Hakuna anayeijua sura yake."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa! Anaweza kuwa mtu yeyote. Anaweza kuwa hata huyu hapa." Akamnyooshea Hariri kidole bila kumtazama.

Chini ya povu Hariri alitabasamu. Sabuni ikamwingia mdomoni, akaimeza. Hakujali. Puani mwake alikuwa ameshaanza kusikia harufu ya bata wa kuokwa.

Ni haki tumtambulishe bwana huyu kwa heshima zake zote. Jina la Hariri hakupewa na wazazi. Alipewa na mji, kwa ajili ya ulimi wake. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, suti moja ya kijivu, na uso wa mtu ambaye ungempa mtoto wako amshike wakati unafunga kamba za viatu. Kwa uso huo na ulimi huo aliwahi kumkodisha mgeni mmoja benchi la bustani ya manispaa kwa mwezi mzima, na mwezi ulipokwisha yule mgeni akamtafuta mitaa yote ili aongeze mkataba.

Aliishi kwa shangazi yake, katika vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya shule. Shangazi alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na mbili, mwenye miwani ya mnyororo, aliyestaafu upigaji chapa ofisini na sasa akipiga chapa nyumbani: barua za watu, risala za watu, na hasa kadi za mialiko ya harusi za watu. Hakuwahi kuolewa. Si kwamba hakupata mtu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi saa mmoja mpole ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akija kila Alhamisi kuitazama saa ya ukutani ya Shangazi, saa isiyokuwa na ubovu wowote. Lakini kila Alhamisi Hariri naye alikuwa akikaa kitini katikati yao, mguu juu ya mguu, akisimulia mambo hadi chai ya fundi inapoa. Hariri alijua hesabu ndogo sana: Shangazi akiondoka, na kitanda kinaondoka.

Jioni ile alirudi nyumbani akiwa amenyolewa na kung'aa kama sahani.

"Shangazi, Ijumaa nakupeleka kula Ghorofani. Ghorofa ya kumi na mbili. Pale ambapo vitambaa vya meza vinagusa sakafu."

Shangazi aliacha kupiga chapa, akavua miwani. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Tunasherehekea siku yako ya kuzaliwa."

"Siku yangu ya kuzaliwa ilikuwa mwezi wa pili. Ulinipa shikamoo."

"Basi tunaongezea pale." Hariri akavuta kiti. "Sikiliza, Shangazi. Mwanamume akiingia peke yake mahali kama pale, anaonekana amekimbiwa au anapeleleza. Akiingia na shangazi yake, ni mtu wa watu. Wewe utavaa gauni lako la zambarau, utakula, utatabasamu. Basi."

"Na utalipa na nini, mwanangu? Na meno?"

"Sitalipa. Nitakana."

"Utakana kuwa umekula?"

"Nitakana kuwa mimi ni mwamuzi."

Shangazi akavaa miwani na kuendelea na kazi. Alikuwa anapiga chapa kadi ya harusi ya binti wa mtu asiyemjua. "Gauni la zambarau linabana," alisema. "Lakini nitajikaza."

Ijumaa, saa moja kamili, walipewa meza karibu na mlango wa choo, kama ilivyo ada kwa watu wasiojulikana. Hariri hakulalamika. Alitoa futi ya fundi cherehani mfukoni, akapima nafasi kati ya kiti chake na kiti cha jirani, akaandika kitu katika kijitabu. Akainusa leso ya mezani. Akaandika. Akamwita mhudumu.

"Samahani, kaka. Mtu akitaka kumvisha mchumba pete hapa, mnamkalisha wapi?"

"Pale dirishani, mheshimiwa, taa zote za mji zinaonekana."

"Vizuri. Na akikataliwa, anatokea mlango gani?"

Mhudumu akaelekea jikoni kwa mwendo wa mtu anayezuiwa na adabu tu asikimbie. Haikupita dakika mbili, tai ya kipepeo ya mwenye mgahawa ikachomoza. Bwana Tai, kama tutakavyomwita, alikuwa amekaa nusu mita kutoka kwa Hariri siku tatu tu zilizopita, lakini siku ile aliona povu. Leo aliona hatima yake.

"Karibuni sana! Nani kawaweka huku? Njooni dirishani!" Na alipokwisha kuwahamisha, kumvutia Shangazi kiti na kuwasha mshumaa kwa mkono wake, aliinama sikioni mwa Hariri. "Mheshimiwa, bila shaka wewe siye…"

"Siye nani?"

"Mwamuzi."

"Mwamuzi wa nini? Wa mpira?" Hariri alicheka, halafu akakifunika kijitabu kwa mkono, haraka kidogo kuliko inavyostahili. "Mimi mtu wa kawaida tu, bwana. Nimemleta shangazi yangu."

Hapo mambo yakaisha. Mtu akikuambia yeye ni mfalme, utamwomba ushahidi. Lakini akikana, huku anaficha kitabu, ushahidi unautengeneza mwenyewe, na kwa furaha. Ilikuja supu ya uyoga. Akaja bata. Ikaja keki yenye mishumaa, na wahudumu sita wakamwimbia Shangazi. Ilipofika zamu ya kulipa, Hariri alichomoa pochi polepole sana, na Bwana Tai akaisukuma ikarudi mfukoni ilikotoka.

Kwenye lifti Bwana Tai akajaribu kumtilia bahasha kotini. Hariri alirudi nyuma kana kwamba ameguswa na pasi ya moto.

"Bwana! Hata kama ningekuwa huyo unayemdhania, ambaye siye, mimi sipokei kitu. Kamwe!"

"Nisamehe, mheshimiwa, nisamehe."

"Nimekusamehe." Mlango wa lifti ulikuwa unafunga. Hariri akauzuia kwa kiatu na kushusha pumzi ndefu. "Namwonea huruma shangazi yangu tu. Friji lake limekufa. Lakini hilo halihusiani na lolote."

Kesho yake asubuhi friji jipya lilisimama mlangoni likiwa na utepe mwekundu na kadi: *Kwa Shangazi, heri ya kuzaliwa.* Shangazi, ambaye alikuwa amepiga chapa mikataba ya watu kwa miaka thelathini, aliwaomba walioleta waandike hati ya kukabidhi kwa majina yake yote matatu. "Isije ikawa na maneno," alisema. Hariri aliona ni busara. Jina la mwamuzi lisionekane popote.

Mkabala na jengo la Bwana Tai, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na mgahawa mwingine wa watu wenye siku zao, ndani ya bustani yenye taa ndogondogo kwenye matawi na kijibwawa cha samaki. Mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, aliyepika kwa mikono yake na kuleta sahani mezani kwa mikono hiyohiyo. Mjini walimwita Mama Bustani. Hariri alipima viti, akanusa leso, akauliza kuhusu pete. Mama Bustani alimtazama bila kupepesa.

"Wewe siye mwamuzi?" aliuliza.

"Siye kabisa."

"Naelewa," alisema Mama Bustani, akaenda zake jikoni.

Siku mbili baadaye lori likaleta boksi kubwa refu lililofungwa kwa tepu na maua. *Kwa Shangazi, kutoka Bustanini.* Lori lile lilikuwa limepita mbele ya jengo la Bwana Tai, likageuza, likapita tena, taratibu, kama bibi harusi. Bwana Tai aliliona kutoka dirishani kwake. Kesho yake akaleta televisheni.

Basi ikawa vuta nikuvute. Bustanini wakileta boksi moja, Ghorofani wanaleta vitu viwili. Yakaja makochi. Likaja jiko la gesi la mafiga manne, ikaja kabati ya vyombo na vyombo vyake. Kwa muda wa wiki sita Shangazi alitimiza miaka sitini na tatu mara mbili, akastaafu upya, akapona ugonjwa ambao hakuwahi kuugua, na kila tukio lilihitaji mlo. Gauni la zambarau likawekewa vipande ubavuni. Siku moja kikaja kitanda cha futi sita kwa sita, na kadi: *Apumzike vizuri.* Shangazi alikitazama kitanda kile cha watu wawili, mashavu yakamwiva, akaenda kupika chai.

Maboksi ya Bustanini hakuyafungua. Aliyapanga chumbani kwake na kufuli juu.

"Kitu kikiwa kwenye boksi lake ndipo kina bei," alimweleza Hariri, na Hariri akamwangalia kwa heshima mpya. Kumbe damu ni moja.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshapiga mahesabu. Alikuwa amezungumza na mnunuzi wa vitu, mtu mwenye lori na asiyependa maswali, na wameelewana: vyote kwa mkupuo, mchana kweupe, siku ambayo Shangazi hayupo. Kisha yeye na suti yake ya kijivu wangehamia mji mwingine, na Shangazi angebaki na kumbukumbu za bata. Usidhani hakuona aibu. Aliona, usiku mmoja, kama dakika nne hivi.

Tatizo lilikuwa siku. Shangazi hakuwa mtu wa kutoka. Kwa hiyo Hariri alifurahi alipomsikia mwenyewe akisema, Jumatatu moja, huku akifuta rangi ya mashine vidoleni:

"Mwanangu, nimekuwa nikiwaza. Hawa watu wawili watachoka. Kila mmoja anajua mwenzake naye analeta vitu. Inafaa umalize."

"Nimalizeje?"

"Kwa mtihani wa mwisho. Mgahawa wa sherehe utaujuaje bila sherehe? Waambie Jumamosi mchana kutakuwa na shughuli moja, watu sitini. Mama Bustani atoe mahali, Bwana Tai atoe chakula. Wapimwe pamoja."

"Shughuli gani?"

"Kwani wewe utakosa la kusema? Sema lolote." Akafuta kidole cha mwisho. "Nimepiga chapa kadi za sherehe miaka thelathini na moja. Natamani safari hii niingie nikiwa mwalikwa, si mtu wa kuletewa karatasi iliyokosewa jina."

Hariri hakusikia maneno hayo ya mwisho. Alikuwa ameshasikia *Jumamosi mchana* na *watu sitini*, na kichwani mwake lori lilikuwa linarudi nyuma kuelekea mlangoni. Alimpigia mnunuzi papo hapo: saa tisa alasiri, ufunguo uko chini ya ndoo.

Bwana Tai alipoambiwa, alikaribia kulia kwa furaha. "Nitapika mwenyewe!" alisema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumamosi Shangazi aliondoka alfajiri, akidai anakwenda kusukwa. Hariri aliamka saa nne, akajipulizia marashi, akaagana kimoyomoyo na makochi na kutoka. Alifika Bustanini saa nane na nusu. Viti vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe. Bwana Tai alikuwa ananyunyizia majani ya kotimiri juu ya kuku kwa uchungu wa mama anayemvisha mwana. Watu walikuwa wameshajaa: kinyozi, mwenye duka la vifaa vya shule, makarani wastaafu, wanawake ambao Hariri hakuwajua ila wote walimjua yeye. Na mbele kabisa, juu ya jukwaa dogo lenye maua, alikuwa amekaa fundi saa, ndani ya suti nyeusi, mikono imetulia magotini. Kando yake alikuwa Shangazi. Hakuwa amevaa gauni la zambarau. Alivaa jeupe.

Hariri alisimama, ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Njoo, mwanangu," Shangazi alimwita kwa mkono. "Tumefunga ndoa saa tatu asubuhi, kwa msajili. Dakika kumi na mbili tu! Ningejua ni rahisi hivyo ningeenda zamani."

"Shikamoo, mjomba… baba…" Hariri alimgeukia fundi saa, na kwa mara ya kwanza maishani ulimi ukamgoma.

"Marahaba," fundi saa alisema kwa upole. "Chai ya leo naona nitainywa ikiwa ya moto."

Hariri akajipa moyo. Si neno. Wacha waoane, wacha wacheze. Saa tisa lori linafika. Akala. Akapongeza watu. Saa tisa na robo simu ikatetema mfukoni, akajitenga kando ya kijibwawa.

"Bwana, unanichezea?" ilikuwa sauti ya mnunuzi. "Nimekuja na lori na vijana wanne. Humu ndani kuna kalenda na msumari."

"Angalia chumba cha pili!"

"Chumba cha pili hakina hata msumari."

Hariri alipanda jukwaani kwa kunyata huku akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Shangazi," alinong'ona, "vitu viko wapi?"

"Vimetangulia, mara tu ulipotoka. Viko kwa mume wangu. Alikuwa na stuli na jagi tu, maskini, mtu angeanzaje maisha?" Akapokea busu la shavu kutoka kwa karani mmoja mstaafu. "Na vyumba nimevirudisha kwa mwenyewe. Kodi inaisha leo."

"Lakini vile vitu ni vyangu!"

"Kweli? Jina lako liko wapi?"

Alishuka jukwaani, akamvuta Bwana Tai nyuma ya meza ya keki.

"Bwana Tai, nikuulize kitu kimoja, kiume. Zile zawadi ulikusudia ziende kwa nani?"

"Kwa Shangazi."

"Lakini moyoni?"

"Hata moyoni, kwa Shangazi!" Bwana Tai alishtuka, akaangalia kushoto na kulia. "Mheshimiwa, unanipima? Wewe si ulisema hupokei kitu?"

Hariri aliona jinsi alivyojifungia mwenyewe ndani na funguo akazitupa nje. Akiwa mwamuzi, hakuwa na haki ya hata kijiko. Asipokuwa mwamuzi, alikuwa mwizi. Hasira zikampanda, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apate akili: alisema ukweli.

"Bwana Tai, mimi si mwamuzi."

"Najua," Bwana Tai alisema, akamkonyeza.

"Usinikonyeze! Nakwambia kweli tupu. Mimi ni tapeli. Simjui hata huyo mwenye jarida. Nimekula kwako mara saba bure, na kile kijitabu nilikuwa nachora samaki!"

Bwana Tai alicheka mpaka tai ikalegea, akashika meza, akajifuta machozi kwa leso. "Samaki! Jamani! Na bado hakubali! Mimi nimeona waamuzi, lakini wewe una kipaji." Akampigapiga mgongoni. "Kula keki, mheshimiwa ambaye si mheshimiwa. Na usisahau kuandika kuhusu kuku."

Wakati huohuo wakamwita jukwaani. Shangazi hakuwa na ndugu mwingine, na mtoto wa marehemu kaka yake ndiye wa kusema neno la familia. Hariri alikamata kipaza sauti kama mtu anayekamata bomba la basi linalokata kona. Alianza kwa zile sentensi zake za kila siku, tamu na zisizo na kitu ndani. Halafu akamwona Shangazi amekunja mikono mapajani, kucha bado zina alama ya wino, anamsikiliza kwa makini kama vile atatakiwa kuichapa hotuba. Sentensi tamu zikamwishia.

"Huyu," alisema, "alinichukua nikiwa na miaka kumi na tano na shati moja. Hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini. Miaka kumi na moja huyu bwana anakuja kutazama saa isiyokuwa na kasoro, na mimi nakaa katikati yao kama gogo. Nilijua. Nilikuwa najua kabisa." Akamgeukia fundi saa. "Basi nimeondoka katikati. Ndiyo hayo tu."

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Fundi saa alitazama ncha ya kiatu chake. Bwana Tai aliguna kwa uchungu wa mtu aliyeguswa: kumbe hata hotuba anajua.

Hariri alielekea geti, hana chochote ila suti. Hakufika. Mkono mrefu ulimshika kiwiko, ukampeleka hadi nyuma ya jiko, ukamkalisha juu ya gunia la viazi.

"Sasa tuongee," alisema Mama Bustani. "Siku ya kwanza ulipokuja nilikuletea bilingani. Ukaniambia ni samaki, tena wa leo asubuhi, unasikia chumvi ya bahari."

"Ulijua toka siku ile?"

"Toka uma wa pili. Kesho yake nikaenda kwenu, nikidhani nitakuta kundi la wezi. Nikamkuta mwanamke anapiga chapa kadi ya harusi ya mtu mwingine. Tukanywa chai. Tulikunywa nyingi."

Hariri alifumba macho. "Na yale maboksi yako?"

"Mapazia ya zamani. Na tofali mojamoja, yapate uzito."

"Kwa hiyo kila kitu cha kweli kilinunuliwa na Bwana Tai!"

"Bwana Tai kwa miaka mitano anawaambia wateja wangu kwamba jikoni kwangu kuna panya. Nikaona si vibaya na yeye akachangia harusi." Alifungua kabati, akatoa kizibao cheusi cha kazi, kile cha vifungo kinachovaliwa juu ya shati jeupe. "Kituo cha polisi kiko kona ya pili, twende nikusindikize. Au vaa hiki."

"Hiki cha nini?"

"Nina chakula, nina maua, nina taa mtini. Sina mtu wa mlangoni. Watu wanaokuja hapa wanakuja siku yao kubwa, wamevaa viatu vipya vinavyowabana, wanaogopa hata kuuliza choo kiko wapi. Nataka mtu wa kuwafanya wajione wamefika kwao. Umemfanya yule mtu wa kipepeo ajione sultani kwa wiki sita. Fanya hivyo kwa wateja wangu, bila uongo, nitakulipa mwisho wa mwezi kama watu wengine."

"Bila uongo," Hariri alirudia, kama mtu anayeambiwa aogelee bila mikono. "Na nitalala wapi?"

"Kuna chumba baada ya stoo. Shangazi yako ameshaleta begi lako asubuhi."

Alivaa kile kizibao. Kilimkaa barabara, Shangazi alikuwa ametoa na vipimo.

Jioni maharusi walipandishwa teksi, Shangazi akapunga mkono dirishani mpaka gari likakata kona. Bwana Tai alirudi ng'ambo ya barabara akiwa amebeba masufuria yake, ameridhika kupita kiasi. Mama Bustani akawasha taa za matawini. Hariri alibaki peke yake getini, na barabara ilikuwa wazi pande zote mbili, hakuna aliyemshika. Alikuwa amekwisha kupiga hatua tatu kuelekea upande wa kituo cha mabasi.

Wakatokea watu wawili, mume na mke, wazee kidogo, wameshikana mikono. Mwanamume alikuwa na shati ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado inaonekana. Mwanamke alikuwa anatazama taa, kisha viatu vyake, kisha taa tena.

"Samahani, bwana," mwanamume aliuliza. "Leo tunatimiza miaka thelathini. Hatujawahi kuja mahali kama hapa. Wewe ni wa hapa?"

Hariri alifungua mdomo, na majibu saba ya uongo yalikuwa tayari yamepanga foleni.

"Ndiyo," alisema.

Ilikuwa kweli. Ilimtisha mpaka akashika nguzo ya geti. Kisha akajiweka sawa, akamvutia yule mama tawi lililokuwa linamgusa nywele, akatangulia mbele kuwaonyesha meza.